Katika Ndege Ndogo Juu ya Bahari ya Kaskazini

Mtuwie radhi tukisema “sisi” hata pale tulipokuwa peke yetu. Ndivyo mapadri walimu wetu wa seminari walivyotuzoeza kuandika, wakituambia kwamba neno “mimi” lajaza karatasi upesi mno. Basi tukisema sisi, pengine ni sisi tunaoandika, pengine ni sisi pamoja na wenzetu wanane wa safari. Mtatambua wenyewe.

Mwaka 2019 tulikuwa Ubelgiji kwa miezi mitatu, kwa masomo ya makatekista. Tulipewa chumba katika nyumba ya mzee mmoja wa Flandri, mwenye umri wa miaka 76, aliyefiwa na mke wake, fundi wa saa aliyekwisha kuacha kazi. Ukutani mwake hamkuwa na picha nyingine ila za ndege, na ya harusi yake. Kwa miaka 41 mzee huyu alirusha ndege ndogo, wala si kwa mshahara. Alirusha kwa kupenda tu, kama wengine wapendavyo kuvua samaki. Alikuwa na wenzake wa chama: mwalimu wa shule, mwoka mikate, wakulima, muuguzi wa hospitali. Watu hao wachanga fedha, wanunua ndege kwa shirika, na kila mmoja alipia saa anazoruka.

Sisi watu wa Kivu ndege ndogo twaijua, lakini twaijua namna nyingine. Kwetu ndege ndogo ni lori. Yabeba samaki wakavu, mabati, chumvi, kreti za bia, na watu juu ya hayo yote, kwa sababu barabara imekufa na msitu umeifunika. Hatukuwahi kusikia kwamba mtu aweza kupanda ndege asiende mahali popote, azunguke hewani, kisha arudi jioni nyumbani kwake akiwa na furaha. Tulipomwambia Mzee hivyo, alicheka sana. Kisha akatuonyesha picha ya Mbelgiji Edmond Thieffry, ambaye mwaka 1925 alitoka Brussels akafika Léopoldville kwa ndege, wa kwanza kufanya hivyo. Safari ilimchukua siku 51, na katika siku hizo zote alikuwa hewani kiasi cha saa 75 tu. Siku nyingine zilipita chini, kwa kungoja na kutengeneza. “Ona, Mwalimu,” alisema Mzee, “kuruka ni kungoja.” Thieffry huyo alikufa mwaka 1929 kwa ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika, kwetu hukohuko. Mzee alilijua jambo hilo kuliko sisi, nasi tuliona haya kidogo.

Katikati ya mwezi wa Juni chama chao kilipanga safari ya juma moja kwenda nchi za kaskazini: ndege tatu, watu tisa. Mzee akatuambia tuwe wa tisa. Kwake hiyo ilikuwa safari ya mwisho. Huko Ulaya rubani wa kujifurahisha aliyepita miaka 50 apimwa na daktari kila mwaka, naye akipewa cheti, ndipo aruka. Cheti cha Mzee kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi uleule, na daktari alikwisha kumwambia kwa upole kwamba kingine hakitakuja, kwa sababu ya moyo. Alitaka kufika Uswidi. Alitaka kutupitisha juu ya Backåkra, shamba lililo pwani ya kusini ya nchi ile, alilolinunua Dag Hammarskjöld mwaka 1957. Wazee wetu walijua jina hilo vizuri: ni yule Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akienda kuonana na Tshombe kwa ajili ya vita vya Katanga. “Alikufa akija kwenu,” alisema Mzee. “Yafaa mtu wa kwenu apite kwake.”

Jioni ya kuamkia safari alileta mizani sebuleni. Tulipimwa kama magunia ya kahawa, na viatu vyetu miguuni. Mtafurahi kujua hesabu yake. Ndege yetu, Cessna 172, hairuhusiwi kupaa ikizidi kilo 1,157. Yenyewe tupu ilikuwa na kilo kama 770. Petroli ya kujaza matangi, kiasi cha lita 200, ni kilo 144. Toeni wenyewe: zabaki 243. Mzee kilo 78, muuguzi aliyekuwa rubani wa pili 62, sisi 71. Zikabaki 32 kwa mizigo yote, pamoja na makoti ya kuelea majini na mashua ndogo ya mpira. Sanduku letu peke yake lilikuwa kilo 19. Mzee alilitazama sanduku, akaitazama karatasi, akasema: “Mwalimu, chagua.” Tukaacha viatu vya pili, suruali mbili, na kitabu kikubwa cha nyimbo. Ndege ina viti vinne, lakini kiti cha nne kilibaki kitupu safari nzima. Tulikitazama kiti kile kwa mshangao. Kiti kitupu katika ndege!

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, wale wawili wa mbele walisoma karatasi yao ya ukaguzi. Muuguzi alisoma, Mzee aligusa kitu na kuitikia. Milango? Imefungwa. Mikanda? Imefungwa. Petroli? Pande zote mbili. Tuliwaza moyoni kwamba ni litania kabisa. Haikukosa ila “utuombee”. Nayo ilikuwapo kwa namna yake, kwa maana chini ya vipimo palibandikwa medali ndogo ya Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto wa 15 alimweka mwaka 1920 kuwa msimamizi wa warukao hewani. Miaka 41 mzee yule amesema maneno yaleyale, na bado asoma karatasi. Hakusema kwa kichwa hata mara moja.

Mwisho wa kusoma aligeuka nyuma. “Anayeona kitu, aseme. Ndege nyingine, wingu, moshi, kitu chochote. Asingoje. Na mmoja wetu akisema turudi, twarudi. Maswali yataulizwa chini.” Alikuwa akitutazama sisi. Tulikuwa na visikizio masikioni na kinasa sauti mbele ya mdomo, kama wao. Tukaitikia “Ndiyo, Mzee”, kama aitikiavyo mtu jambo lisilomhusu.

Tulifuata pwani ya Uholanzi kwenda kaskazini. Tulipita juu ya midomo ya mito mikubwa, pale Waholanzi walipoifungia bahari milango baada ya gharika ya mwaka 1953, halafu juu ya mchanga mrefu usiokwisha, mpaka kisiwa cha Texel. Kiwanja chake ni majani matupu, na kondoo wako ng’ambo ya ukingo. Mabawa ya Cessna yako juu ya madirisha, kwa hiyo abiria aona chini bila kizuizi. Tulikuwa tumekwenda Ulaya kwa ndege kubwa, juu mno, hata hatukuona kitu ila mawingu na filamu. Hapa tuliona nguo zilizoanikwa, na mbwa akiwafukuza kondoo, na kivuli chetu kikiruka mifereji.

Jumapili, baada ya Misa, tulifuata visiwa vya pwani mmoja baada ya mwingine, vya Uholanzi kwanza, kisha vya Ujerumani: Terschelling, Ameland, Borkum, Juist, Norderney, mpaka Wangerooge. Kati ya visiwa na bara pana bahari ambayo si bahari. Maji yakipwa, yabaki matope yang’aayo, yenye vijito vilivyochorwa kama mishipa ya jani. Mahali hapo paliandikwa na UNESCO mwaka 2009 kuwa urithi wa dunia, na ndege wengi sana wapumzika hapo katika safari zao za kwenda na kutoka Afrika. Marubani waombwa kupita juu zaidi, ili ndege wenye manyoya wasitishwe na ndege za bati. Huenda wengine wa ndege wale walikwisha kuviona viboko vya Rwindi kabla ya kutuona sisi.

Kutoka Wangerooge tuliiacha nchi kavu nyuma, tukaelekea Helgoland, kilometa 40 na zaidi ndani ya bahari. Tulivaa makoti ya kuelea tangu chini. Mzee alisema maji ya Juni ni baridi, kiasi cha digrii 15, na mtu akiingia humo saa zake zahesabika. Injini ni moja. Tulisikiliza mlio wake kama mama asikilizavyo pumzi za mtoto mwenye homa, nasi tulisikia makosa mengi ambayo hayakuwapo.

Kisha kisiwa kikatokea: majani ya kijani juu, ukuta wa jiwe jekundu pembeni, mchanga mweupe chini. Kiwanja hakiko kwenye jiwe lile. Kiko kwenye kisiwa kidogo cha mchanga kilicho kando yake, ambacho gharika ilikitenga na mwenzake mwaka 1720. Njia ndefu ya kutua ni mita 480 tu, na ikiisha njia, yaanza bahari. Mzee aliishusha ndege pole pole, akaigusisha mwanzoni kabisa mwa saruji, na tulisimama ingali njia. Sili walikuwa wamelala mchangani karibu na hapo, wanono, wakitupuuza.

Hapo Helgoland tulikuta jambo ambalo latuhusu sisi Waswahili na watu wa Kivu kuliko tulivyofikiri. Kisiwa kile kilikuwa cha Waingereza. Tarehe 1 Julai 1890 walitia sahihi mkataba na Wajerumani mjini Berlin. Wajerumani walipewa Helgoland. Nao wakawaachia Waingereza nchi ya Witu, wakakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Mkataba uleule ulikata mpaka wa Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, ukapita katika Ziwa Victoria, ukaenda magharibi mpaka kwenye mpaka wa Kongo, ukautaja na mlima Mfumbiro, yaani milima yetu ya volkeno, ambayo hao walioandika hawakupata kuiona. Watu wa Helgoland hawakuulizwa. Watu wa Mfumbiro hawakuulizwa. Tulisimama juu ya ukuta ule mwekundu, ndege weupe wa bahari wakipiga kelele katika viota chini yetu, tukamweleza muuguzi habari hiyo. Alikuwa amezaliwa Ubelgiji na amesoma shule zote, na alikuwa hajaisikia kamwe.

Wajerumani walikifanya kisiwa boma la vita. Baada ya vita vya pili Waingereza walikusanya ndani yake baruti na mabomu tani kama 6,700, wakavilipua pamoja tarehe 18 Aprili 1947. Kisiwa kikabaki. Wenyeji waliohamishwa waliruhusiwa kurudi mwaka 1952, wakajenga upya nyumba zao, ndogo ndogo, za rangi nyingi. Motokari karibu hazipo, na hata baiskeli yakatazwa. Usiku jua lilizama karibu saa nne, na hata baadaye mwanga haukutaka kuondoka. Hatukulala vizuri, mwili wetu wa ikweta wataka giza saa moja.

Jumatatu asubuhi tulipaa kwenda Stauning, katika Denmark, kiasi cha kilometa 200 kaskazini. Mzee alikuwa kushoto akiendesha, muuguzi kulia, sisi nyuma ya Mzee. Habari za hali ya hewa zilikuwa njema. Tulipita kisiwa cha Sylt tukiwa nacho mkono wa kulia, na bahari wazi mkono wa kushoto.

Yafaa tueleze kwanza jambo moja. Marubani hawa wa kujifurahisha, wengi wao wana ruhusa ya kuruka kwa macho tu: lazima waone nchi au maji. Ndege ikiingia ndani ya wingu, masikio ya mtu yamdanganya. Adhani anakwenda sawasawa, kumbe ndege imeinama na inashuka ikizunguka. Wengi wamekufa hivyo, na wengi wao walikuwa marubani wazuri. Na katika bahari ile, miezi hii, hewa ya uvuguvugu yapita juu ya maji baridi, ikageuka ukungu, kama pumzi ya mtu juu ya kioo. Ukungu huo haushuki kutoka juu. Wazaliwa chini, juu ya maji, na watembea.

Basi sisi, kwa dirisha letu la kushoto, tuliona mstari mweupe juu ya bahari. Tulidhani ni mchanga. Baadaye kidogo tuliona kwamba mchanga ule umekaribia, na kwamba meli moja iliyokuwa mbele yake haipo tena. Huko mbele mawingu nayo yalikuwa yameinama. Mzee alikuwa ameshuka kutoka futi 1,500 hata 1,000, kisha 800, ili abaki chini yake. Yeye na muuguzi walikuwa wakitazama mbele na ramani. Sisi peke yetu tulikuwa tukitazama kushoto. Tulijua kwamba jambo lile si zuri. Hakuhitajiwa mtu wa chama kutuambia. Kinasa sauti kilikuwa mdomoni petu. Hatukusema neno.

Kwa nini? Tulijiambia mambo mengi katika dakika zile. Mzee ana miaka 41 hewani, je, hajaona? Sisi ni wageni. Mgeni hamwelekezi mwenye nyumba mlango. Ni safari yake ya mwisho, na kila dakika yamkaribisha Uswidi. Nani awe wa kumharibia? Na tukisema, tukaonekana tumeogopa bure, watasema nini juu ya Mwafrika huyu? Hayo yote tuliyapanga vizuri kama masomo ya Jumapili, na ukungu ukizidi kuja.

Muuguzi aligeuza kichwa kutazama nje, akaona. Alisema neno moja: “Turudi.”

Mzee hakuuliza. Hakutazama hata kushoto. Aliinamisha ndege kulia mara moja, kwa utaratibu, kama mtu afungaye mlango, tukageuka tukarudi kusini. Nasi tulipogeuka tuliona kwamba nyuma yetu nako ukungu ulikuwa umeanza kulamba pwani. Muuguzi alisema katika redio, na ndege nyingine mbili zilizokuwa zikitufuata zikasikia, zikageuka nazo. Baada ya dakika chache tulitua Sylt, wote tisa. Hatujafunga ndege kwa kamba na uwanja ukawa mweupe. Tulimsikia mlinzi wa uwanja akipita na baiskeli yake, hatukumwona.

Msichana wa miaka 34, katika ndege aliyoletwa kwayo kama mwanafunzi, amwambia mzee wa miaka 76 arudi, na mzee arudi bila neno. Jambo hilo lilitushangaza kuliko ukungu.

Tulikwama Sylt siku hiyo na siku mbili nyingine. Kisiwa hicho hakina barabara ya kuingilia. Kina tuta la reli tangu mwaka 1927, na motokari zenyewe zapakiwa juu ya treni. Ni mahali pa matajiri, na bei ya chai ilitufanya tukumbuke kwamba maji ni kinywaji bora. Kila asubuhi wote tisa tulikwenda uwanjani, tukasimama, tukatazama weupe, tukarudi. Tuliyaelewa maneno juu ya Thieffry.

Jioni ya siku ya kwanza Mzee aliketi nasi kwenye benchi la bandarini. Akauliza, bila ukali: “Mwalimu, wewe ulikuwa upande wa kushoto. Uliona?”

“Tuliona, Mzee.”

“Kabla yake?”

“Kabla yake.”

“Dakika ngapi?”

Tulifikiri tumpunguzie. Kisha tukasema kweli: kama dakika nne.

Alinyamaza. Dakika nne ni kilometa 14 za ndege ile. “Kwa nini hukusema?”

Ndipo tukamwambia habari ambayo hata nyumbani twaisimulia kwa shida. Mwaka 2006 tulikuwa tukirudi Bukavu kutoka kiwanja kimoja cha msituni, katika ndege ndogo ya kukodi. Ilikwisha kujaa. Wakaongeza mifuko ya madini, kisha mapipa mawili, kisha jamaa mmoja wa mkubwa fulani. Matairi yalikuwa yamelala kama mikate. Tulikuwa abiria 11, na kila mtu aliyaona matairi. Katika sisi palikuwa na mwalimu mkuu, palikuwa na sisi wenyewe tuliotoka seminari na Kilatini chetu, palikuwa na mama mmoja muuza mafuta ya mawese, mwenye mtoto mgongoni. Yule mama ndiye aliyefungua mdomo. Alisema, “Baba, hii si itaanguka?” Nasi, sisi tunaoandika, tulimwambia: “Mama, tulia, rubani ajua kazi yake.” Ndege ilipaa, ikagusa miti ya mwisho, ikaangukia shamba la mihogo. Hakufa mtu. Mama yule alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo atembea kwa fimbo. Twakutana naye sokoni. Atusalimu kwa heshima, “Jambo, Mwalimu,” na sisi hatujui pa kutazama.

Mzee alisikiliza yote. Hakutufariji, na tulimshukuru moyoni kwa hilo. Alisema tu: “Kwa hiyo wajua.” Baadaye akaongeza kwamba yeye naye hakutazama kushoto kwa sababu hakutaka kuona, alikuwa akitazama Uswidi. Muuguzi alikuwa amesema katika dakika ambayo yeye angesema tungoje kidogo. “Ndiyo sababu nimemweka kiti kile,” alisema.

Alhamisi ukungu uliondoka kama kwamba haukuwapo. Lakini siku zilikuwa zimekwisha. Mwoka mikate na mwalimu walipaswa kuwa kazini Jumatatu, na Uswidi ilikuwa mbali pamoja na kurudi. Walipiga hesabu mara mbili juu ya bawa, wakitumia ramani na kamba. Kisha Mzee akaikunja ramani ya Uswidi, ambayo ilikuwa mpya, akairudisha katika bahasha yake. Tulipaa kwenda Denmark tu. Tulipita juu ya Ribe, mji mdogo wenye kanisa kubwa katikati ya malisho, mahali Mtakatifu Ansgar alipopewa ruhusa na mfalme kujenga kanisa karibu mwaka 860. Huyu Ansgar naye alikwenda Uswidi, mwaka 829. Wanyang’anyi wa baharini walimpora kila kitu njiani, na vitabu karibu 40, akaendelea kwa miguu akafika. Tuliwaambia wenzetu habari hiyo katika redio ya ndani. Mzee alijibu kwamba Ansgar hakuwa na tatizo la petroli.

Stauning pana jumba la kuhifadhia ndege za zamani za Denmark. Muuguzi alisimama muda mrefu mbele ya KZ III, ndege ndogo iliyoundwa wakati wa vita, mwaka 1944, kwa kubeba wagonjwa. Mzee alizunguka polepole, mikono nyuma, akitazama kila kifaa cha saa katika kila ndege. Hatukumfuata.

Jumamosi tulirudi, tukipita ndani ya nchi, juu ya nyika na misonobari ya Ujerumani ya kaskazini. Mzee aliendesha njia yote. Muuguzi alimpa nafasi yake, akasema ana usingizi, na hakuwa na usingizi. Hewa ilikuwa safi na yenye joto, ya kumfanya mtu asinzie kweli. Tulikuwa tumelegea dirishani tulipoona kitu cheupe, chembamba, upande wa kushoto, chini yetu kidogo: ndege isiyo na injini, ikipanda kwa kuzunguka katika hewa ya moto, mabawa yake marefu yakimeta na kupotea, yakimeta na kupotea. Yaweza kuwa mbali. Yaweza kuwa wamekwisha kuiona. Yaweza kuwa ni jambo la kila siku kwao.

“Mzee,” tulisema, na sauti yetu katika visikizio ilikuwa kubwa mno, hata muuguzi akashtuka, “kushoto, chini kidogo, ndege nyeupe, yapanda!”

Alitazama. Aliinamisha bawa kulia, akaipa nafasi, na ile nyingine ikapita mkono wa kushoto, karibu kiasi cha kumwona mtu ndani na kofia yake ya kitambaa.

“Sikuwa nimeiona,” alisema Mzee. “Asante.”

Tulitua Flandri saa kumi na moja za jioni. Alizima injini, wakasoma litania yao ya mwisho, naye akatoa kitabu chake cha safari, akaandika saa na viwanja kwa mwandiko mdogo wa fundi wa saa. Alikaa kidogo na kalamu juu ya ukurasa. Kisha akakifunga kitabu, akatutuma kuleta kamba, tukaifunga ndege sote watatu, bawa la kushoto, bawa la kulia, na mkia.